Ndevu za Baba Holo

Chekeni sasa hivi mmalize, ndipo nianze, maana nikikatizwa katikati nitaona haya nishindwe kuendelea. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nimestaafu na watu wananiita Mwalimu Limi kwa heshima zote, lakini kuna kijiji kimoja upande wa Geita ambako mpaka leo nikipita wazee wanaweka mkono kidevuni, na si kwa sababu wanafikiri jambo. Hata mume wangu nilimsimulia nusu tu, ile nusu isiyo na ndevu. Nusu ya pili aliipata kwa watu baki, msibani, akarudi nyumbani akawa ananitazama kwa pembeni na kunyoa kila asubuhi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Serikali ilitaka kila mtoto aingie darasani, walimu hawakutosha, kwa hiyo sisi vijana tuliomaliza shule tulikusanywa vyuoni tukafundishwa ualimu harakaharaka. Mimi ni mtoto wa Didia, nimelelewa kwenye nyumba ya ng'ombe na pamba, nikapelekwa chuo kimoja kidogo Shinyanga ambako kulikuwa na mkufunzi tuliyemwita Bwana Lutego. Mtu mwembamba, sauti ya pole, miwani imefungwa uzi upande mmoja, na alikuwa na imani moja kubwa: kwamba mwalimu asiyefanya mazoezi ya kuigiza kabla ya kupelekwa shuleni ni kama dereva anayejifunzia gari likiwa limejaa abiria.

Basi tuliigiza, jamani. Kila alasiri tunageuza ukumbi wa chakula kuwa darasa la pili. Mmoja wetu anakuwa mwalimu, wengine wote watoto. Mtu mzima kama Shija, mwenzangu kutoka Songwa, mwenye mabega kama mlango, anakaa kwenye benchi fupi magoti yakigusa masikio, anapiga kelele, "Mwalimu, huyu kaninyang'anya kalamu!" na wewe unatakiwa umbembeleze bila kucheka. Mwingine anasinzia. Mwingine anaomba kwenda chooni kila baada ya dakika. Bwana Lutego amekaa nyuma anatazama tu, na kila mtu anajua kwamba wakati wowote anaweza kuingiza jambo ambalo hukulitegemea.

Zamu yangu ilipofika aliniingizia mzazi. Nilikuwa ubaoni nafundisha kujumlisha, mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe zimemfunika kifua, anahema, nyuma yake mwanamke mjamzito amejitanda kanga mpaka usoni, anaugulia. Mzee akasema amekuja kumchukua binti yake, mama ameshikwa na uchungu, nyumbani hakuna wa kumsaidia. Sasa mimi nina huruma za kijinga (nilikuwa nazo), machozi yakanitoka kweli kweli, nikamwambia "binti" yake, yaani mwanachuo mwenzangu, "Kimbia, mwanangu, kamsaidie mama." Hawajafika mlangoni ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Mzee akazivua ndevu, kumbe pamba, kumbe yule mpishi wa chuo. Mama mjamzito akachomoa mto tumboni, kumbe Dorotea, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amenisuka nywele na hakunidokeza hata neno.

"Mwalimu Limi," Bwana Lutego akasema kwa ile sauti yake ya pole, "binti huyo sasa hivi anaolewa. Umemtoa wewe, bila kuuliza hata swali moja."

Nililala na aibu ile, nikaamka nayo. Watu walinizomea kwenye foleni ya uji, "Kimbia, mwanangu!" Halafu siku ya mwisho kabla hatujatawanyika kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, Bwana Lutego akatukusanya akatuaga, na katika kuaga akasema maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo: "Msidhani kuigiza kumeisha. Huko mnakokwenda mtapimwa kila siku, na hamtajua nani anawapima."

Wenzangu wote walisikia nasaha. Mimi nilisikia tishio. Nikasema moyoni, aha, kumbe mzee huyu atatutumia watu huko huko! Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, ambao wakati ule niliuona wa busara sana: safari hii sidanganyiki. Safari hii nitawagundua mimi kwanza.

Mashaka yalianzia kwenye basi. Nilikaa na mama mmoja wa Chato mwenye tenga la samaki wakavu, akaanza kuniuliza, mayu, yaani mama, unakwenda wapi, wewe ni mwalimu, shule gani, umeolewa, watu wa kule unawafahamu? Mtu wa kawaida angeona huyu ni msafiri anatafuta maongezi. Mimi nikaona mbona maswali yamepangika. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Mwambie aliyekutuma kwamba nimefika salama." Yule mama akanitazama muda mrefu, kisha akabeba tenga lake akahamia kiti cha mbele, akakumbatia pochi.

Kijijini nikapokewa na mwalimu mkuu, Mwalimu Mayunga, mtu mnene mwenye ukarimu, akanichinjia kuku, akanipa chumba chenye kitanda cha kamba, mke wake akaniletea maji ya kuoga. Nikajiuliza, kwa nini wananikarimu hivi? Wakati tunakula nikamtega. "Bwana Lutego hajambo?"

"Bwana Lutego ndiye nani?" akauliza, paja la kuku mkononi.

Nikatabasamu. Alijua kujifanya, lakini mimi nilikuwa nimeshamwona.

Shule yenyewe ilikuwa ya tope na bati, isipokuwa darasa langu lilikuwa na mlango wa ajabu: mlango mzito wa mbao ngumu wenye komeo la chuma, walioung'oa kwenye nyumba moja ya mgodi wa zamani wa dhahabu uliofungwa, wakaufunga pale hata kuta zenyewe zikawa zinautazama kwa wasiwasi. (Madirisha hayakuwa na kitu, ni matundu tu.) Kulikuwa na mtoto wangu mmoja wa darasa la tatu aliyekuwa akisinzia kila asubuhi kwa sababu kabla ya shule huwa anamsaidia mama yake kuchekecha mchanga kijitoni kutafuta vipande vya dhahabu, na jambo hilo kijiji kizima kililijua. Mimi nikamsimamia mbele, nikamtazama anavyosinzia, nikakumbuka yule mwanachuo aliyekuwa akisinzia kule ukumbini, nikamwambia kwa sauti, "Hongera, unasinzia vizuri kuliko yule wa chuoni." Mtoto akafumbua macho, akashukuru. Watoto wengine wakaangaliana.

Nilikaa hivyo, kila anayeingia namchunguza viatu. Karani wa kijiji alikuja kuuliza jina langu, nikamuuliza analipwa na nani. Nesi wa zahanati alikuja kuchanja watoto, nikataka kuiona sindano kwanza kama ni ya kweli. Mwalimu Mayunga akaanza kunishauri nilale mapema, eti jua la Geita si kama la Shinyanga.

Ndipo ikafika asubuhi ile.

Nilikuwa ubaoni, na somo, msicheke, lilikuwa kujumlisha. Darasa langu lilikuwa na msichana anaitwa Holo, mpole, mwandiko mzuri, mkubwa kidogo kuliko wenzake. Nikasikia mlango unagongwa, nikafungua, akaingia mzee wa makamo anahema. Alikuwa na ndevu nyingi, nyeusi na nyeupe zimechanganyika, zimemteremka mpaka kifuani. Na kwenye ndevu zile, wallahi sidanganyi, kulikuwa na pamba.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma. "Samahani kukukatiza. Mimi Baba Holo. Nimekuja kumchukua mtoto, mama yake ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya tumboni. Lori liko nje linatusubiri twende hospitali."

Mwili wangu wote ulisisimka kwa furaha. Neno kwa neno! Hata hawakujisumbua kubadilisha maneno! Nikaweka chaki chini, nikajifuta mikono taratibu, nikamzunguka yule mzee kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Nikawaambia watoto, "Tulieni. Tazameni jinsi mwalimu anavyofanya kazi."

"Mayu, tuna haraka," yule mzee akasema.

"Najua una haraka," nikamwambia. "Hata yule mwingine alikuwa na haraka. Unamfahamu Bwana Lutego?"

"Simfahamu."

"Naam. Hakuna anayemfahamu hapa." Holo akasimama akaanza kulia, nami nikasema kimoyomoyo, na huyu mtoto wamemfundisha, analia vizuri kuliko Shija. Nikasogea karibu na mzee, nikanyoosha mkono, nikachomoa kile kipande cha pamba kwenye ndevu nikakiinua juu darasa zima likione. "Na hii ni nini?"

"Pamba," akasema. "Nilikuwa napanga magunia ya pamba kwenye lori, tumlazie mama yake."

Jibu lilikuwa zuri mno kuwa la kweli. Basi nikazishika ndevu zenyewe kwa mkono wote, nikavuta.

Hazikutoka.

Nikavuta tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu nilifikiri safari hii wametumia gundi ya maana, na yule mzee akainama mbele akafuata mkono wangu, akalia "Yaya weee!" na kofia yake ikaanguka chini. Yule mzee aliponyooka, macho yamejaa maji, alinitazama si kwa hasira bali kwa mshangao, kama mtu aliyepigwa teke na mbuzi wake mwenyewe.

Sasa mtu mwenye akili zake hapo angepiga magoti. Lakini mashaka, jamani, yana akili zake yenyewe. Mimi nikajiambia: Bwana Lutego amejifunza. Safari ya kwanza alituma mtu wa ndevu za pamba, safari hii ametafuta mwenye ndevu zake! Nikamvulia kofia yule mkufunzi kimoyomoyo. Na ili mtu wake asije akakimbia kabla hajakiri mbele ya mashahidi, nikaenda mlangoni nikasukuma komeo la chuma. Kwaa.

"Hutoki hapa," nikamwambia, "mpaka useme umetumwa na nani."

Nje honi ikapigwa. Nikacheka. "Hata honi mmepanga!"

Ikapigwa tena, ndefu. Halafu nikasikia viatu vinakuja mbio, na dirishani kikatokeza kichwa cha Bwana Karsan, mwenye duka pale njia panda, Mhindi mzee ambaye lori lake ndilo lilikuwa likichukua pamba na wagonjwa wa kijiji kile. Shati lake limelowa jasho. "Mwalimu! Fungua mlango basi! Mama anaumwa sana, njia mbaya, mimi kwenda nitaenda lini?"

Mimi nikashangaa kweli. Nikawaza, na Mhindi pia? Chuo kimepata wapi fungu la haya yote? Nikamwambia, "Bwana Karsan, wewe nakupongeza. Nenda kamwambie Bwana Lutego ameshindwa."

Bwana Karsan akamwangalia Baba Holo. Baba Holo akamwangalia Bwana Karsan. Ndipo Mwalimu Mayunga naye akafika, anagonga mlango kwa ngumi, "Mwalimu Limi, fungua! Ni amri!" nami nikamjibu kwa sauti ya juu ili madarasa yote yasikie (na yalisikia, kwa sababu yalikuwa yameshatoka nje yote), "Wewe ndiye uliyejifanya humjui! Nilikutambua tangu siku ya kuku!"

Wakati mimi napayuka mlangoni, Baba Holo hakupoteza muda na mwendawazimu. Alimbeba binti yake akampitisha kwenye tundu la dirisha, Bwana Karsan akampokea, kisha yeye mwenyewe akajiinua akapita, ndevu na vyote. Kugeuka, naona miguu yake tu inamalizikia kutoka. Nikapiga ukelele, "Binti anaolewa!" nikafungua komeo, nikampita Mwalimu Mayunga nikakaribia kumwangusha, nikakimbilia lori na shule nzima nyuma yangu.

Kwenye lori, juu ya magunia ya pamba, mwanamke alikuwa amelala amefunikwa kanga, na bibi kizee mmoja, mkunga, amemshika mabega. Bado sikuamini. Nisikilizeni vizuri: bado. Nikakanyaga gurudumu nikapanda, nikasema, "Na wewe Dorotea, toka huko, mchezo umekwisha," nikafunua kanga, nikaweka kiganja changu tumboni nibonyeze mto.

Tumbo likakaza chini ya mkono wangu. Likawa gumu kama jiwe la kusagia, likapanda, na ndani yake kitu kikasukuma kiganja changu, kikasukuma tena. Nikauinua uso wangu nikauona uso wake. Ulikuwa uso nisioujua, umejaa jasho, midomo imekauka. Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtu mwingine.

"Nesi," akasema. "Usiniache."

Nilitaka kusema mimi si nesi. Nilitaka kusema mengi. Bwana Karsan alikuwa ameshawasha gari, Baba Holo na Holo wameshapanda, lori likaondoka na mimi ndani, kwa sababu yule mama hakuniachia mkono. Nilivyotazama nyuma nikawaona watoto wangu wa darasa la tatu wamesimama barabarani kwenye vumbi, na Mwalimu Mayunga ameshika kichwa.

Njia ilikuwa mashimo matupu. Kila lori liliporuka yule mama alilia na kuukaza mkono wangu, na mimi nikalia naye. Mbele yangu alikaa Baba Holo, kidevu chekundu, amejisogeza mbali nami. Si kwamba alininunia. Alikuwa ananitazama kwa uangalifu, kama unavyomtazama nyoka aliyeingia ndani ya nyumba, na hapo nikaelewa kwamba sasa ni mimi ninayeshukiwa. Mkunga akaniambia mpe maji, nikampa. Akaniambia mshike goti, nikashika. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa Kisukuma asije yule mama akafa kwa sababu ya dakika zile nilizozipoteza nikivuta ndevu za watu.

Tulifika hospitali wakampokea kwenye machela, na hapo ndipo aliponiachia mkono. Nikashuka. Gauni langu la kufundishia lilikuwa limejaa chaki, damu na pamba. Nikageuka nitafute mahali pa kukaa, na kwenye benchi la wagonjwa, amejifunika blanketi, anatetemeka kwa malaria, miwani imefungwa uzi upande mmoja, nikamwona nani? Bwana Lutego mwenyewe. Alikuwa njiani kuja kutukagua, homa ikamkamata mjini.

"Mwalimu Limi," akasema kwa sauti ya pole. "Saa hizi si kipindi chako cha hesabu?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikamwambia, "Kumbe hata hospitali ni ya kuigiza?"

Mashaka ya mwisho mwisho yalinitoka hivyo, kama kwikwi. Baba Holo, aliyekuwa amesimama karibu, akasikia. Akauliza, "Wewe ndiye Bwana Lutego?" Akajibiwa ndiye. "Huyu mwalimu wako amenivuta ndevu, akanifungia ndani, akampapasa mke wangu tumbo akimwita Dorotea. Anasema wewe ndiye umenituma. Nieleze, bwana, umenituma lini?"

Wagonjwa wote pale nje waligeuka. Mwenye kidonda alisahau kidonda. Ilinibidi nisimulie kila kitu, mbele ya watu wote wale, tangu mpishi na mto mpaka komeo, na kila nilipotaka kuruka kipande Holo, yule mtoto mpole, alinikumbusha kwa adabu, "Na ukamwambia Bwana Karsan hongera, mwalimu."

Bwana Lutego hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa blanketi. "Limi," akasema, "nikutumie mtu mpaka Geita kwa kitu gani? Mimi mwenyewe nimekuja nimekaa juu ya magunia ya mihogo. Niliposema mtapimwa kila siku, nilikuwa nasema maisha."

Hapo kabla sijajibu akatoka nesi, wa kweli, akamwita Baba Holo. Baba Holo akaingia, akakaa, akakaa, halafu akatoka ameshika mlango kwa mkono mmoja. "Wa kiume," akasema. "Wote wazima." Kisha akakaa chini sakafuni palepale, mtu mzima yule, akafunika uso. Holo akamkumbatia shingo. Mimi nikaenda nyuma ya jengo, karibu na bomba la maji, nikalia mpaka mfuaji wa mashuka akaniletea kiti.

Mazoezi yangu Bwana Lutego aliyafuta. Alisema lazima niyarudie, na nilipomwomba anipeleke hata Kahama, hata mwisho wa dunia, akasema, "Palepale." Mwalimu Mayunga akakubali kunipokea, Mungu ambariki, ila safari hii kuku hakuchinjwa. Nikigeuka kuandika ubaoni nasikia vicheko vinabanwa, nikigeukia darasa naona watoto wote wameshika videvu. Wazee wenye ndevu walikuwa wakiniona njiani wanavuka upande wa pili. Darasa langu waliling'oa lile komeo.

Mama Holo aliporudi nyumbani nilikwenda kuomba radhi. Nilibeba kuni na unga wa mtama, Mwalimu Mayunga akanisindikiza kama mshenga. Nikapiga magoti mlangoni, nikasema, "Shikamoo, Baba Holo."

Alijipapasa kidevu kwanza. "Marahaba. Kaa pale." Pale penyewe palikuwa mbali kidogo na alipokaa yeye.

Mama Holo ndiye aliyeanza kucheka, akiwa na kichanga kifuani. "Nesi wangu huyo," akasema. "Baba Holo, mpe kigoda, alinishika mkono njia nzima." Mzee akanisogezea kigoda kwa mguu. Niliomba radhi maneno yote niliyokuwa nayo, nikaeleza kwamba niliogopa Holo anatolewa shule kwenda kuozwa, kwamba chuoni walitufundisha wazazi husema uongo.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Mwalimu, mimi binti yangu ningetaka kumwoza, ningekuja shuleni kukuomba ruhusa? Ningemwoza tu. Usiku mmoja, ng'ombe zizini, kwisha. Lakini nilikuja. Nilivua viatu mlangoni kwako. Nilikuamkia, wewe mtoto mdogo. Hukuviona hivyo vyote, ukaona pamba."

Holo alirudi darasani wiki ile ile, akamaliza la saba hapohapo, akaja kuwa mtu wa maana kwao. Wabeja sana, yaani ahsante sana, kwa baba yake, maana angeweza kumzuia na kijiji kizima kingempa haki.

Toka siku ile niliweka nadhiri, na nimeishika miaka yote ya ualimu: mzazi akija mlangoni kwangu nasimama, nampa kiti, namsikiliza mpaka mwisho, nauliza ninachotakiwa kuuliza, na mikono yangu naiweka nyuma. Je, sikudanganywa? Nilidanganywa sana. Nilipokaribia kustaafu nilikuwa nafundisha Chato, akaja baba mmoja analia machozi, mkwe wake amefariki, anaomba mwanawe aende kuzika. Nikampa pole, nikamruhusu. Jioni napita mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki, kununua kitoweo, namkuta yeye na mwanawe wanapima dagaa, wamechangamka, wanaimba. Aliponiona akachutama nyuma ya tenga.

Nikasimama mbele ya tenga. "Poleni na msiba," nikamwambia.

Sauti ikatoka chini, "Tumeshapoa, mwalimu."

"Mkwe amezikwa salama?"

"Salama kabisa."

Nikanunua dagaa zangu, akaniongezea kwa mikono miwili bila kuinua uso, nikaenda nyumbani kukaanga.